Glavu Nyeupe ya Admirali Wimpoli

Nchi hii mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, wala msimlaumu mchora ramani. Alipofika hapo wino ulimwishia akaenda kunywa chai. Lakini ilikuwako. Ilikuwa na bahari, ilikuwa na mji uitwao Ukingoni, na kama nchi nyingi za zama zile, ilikuwa mali ya watu wasiokaa humo. Wenyewe walikaa mbali, kwenye kisiwa cha ukungu na mafua, na jina lao waliitwa Dola. Dola lilikuwa kubwa hata jua likitaka kuchwa lilipaswa kuandika barua ya kuomba ruhusa, na barua hiyo hukaa mezani miezi mitatu. Ila siku za kisa hiki jua lilikuwa limeanza utovu wa adabu, likichwa ovyo ovyo bila kuuliza mtu. Leo lachwa hapa, kesho kule. Na kila lilipochwa, aliyepelekwa kuteremsha bendera alikuwa Admirali Sa Kathbati Wimpoli, mkuu wa manowari iliyoitwa Haiguswi.

Na kila alipokwenda Admirali, nyuma yake alikwenda Mcha Vuai, mzaliwa wa Ukingoni, serahangi wa manowari hiyo. Kwa asiyejua mambo ya melini, serahangi ni yule baharia mkuu mwenye firimbi. Akipuliza, wenziwe hukimbia. Akipuliza tena, hukimbia kurudi walikotoka. Kazi hiyo Mcha aliifanya miaka ishirini na tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwaambia watu wakimbilie mzinga. Aliwaambia wakimbilie brashi.

*

Wimpoli alianza kama vijana wote wa ukoo mzuri: alipewa meli kabla ya kupewa akili, kwa ahadi kwamba hiyo nyingine ingefuata kwa posta. Meli yenyewe ilikuwa kuukuu, imekula kutu kama sufuria ya msibani. Vijana wenzake walikwenda kujifunza kulenga shabaha. Yeye akaipaka meli rangi nyeupe. Mkubwa mmoja wa Dola akapita na darubini yake, akauliza, "Ile inayometameta ni ya nani?" Wiki hiyo hiyo Wimpoli akapandishwa cheo, na hapo ndipo alipoujua ulimwengu unavyokwenda.

Sheria ilisema kila manowari ipige makombora mia kwa mwaka kwa mazoezi. Lakini baruti ina moshi, na moshi una masizi, na masizi hayana adabu kwa rangi nyeupe. Wimpoli akaamuru makombora yatiwe baharini moja moja, taratibu, yasirushe maji. Kisha akaandika katika taarifa: Yametumika yote. Mkaguzi akajibu kwa furaha kwamba katika utumishi wake hajapata kuona makombora mengi hivyo yakitumika kwa kelele kidogo hivyo.

Halafu lile jambo la gwaride, ambalo hata leo wazee wakilianza chai hupoa. Siku ya kuzaliwa Mfalme, manowari arubaini zilijipanga, bendi zinalia. Upande wa kulia ikatokea meli ya makaa ya mawe, chafu, inatoa vumbi jeusi. Wimpoli kuiona tu, akapiga kelele, "Kata kushoto!" Wakakata kushoto, wakaitumbua ubavu manowari ya mkubwa wake mwenyewe. Ikazama polepole, kwa heshima, bendi ikimalizia ubeti wa mwisho maji yakiwa kiunoni.

Ikaundwa tume. Tume ilikaa miaka minne. Viti vilichakaa, wajumbe wawili wakafariki, mmoja akaoa. Nusu ya magazeti ikataka Wimpoli anyongwe, nusu ikataka achongewe sanamu. Watu wakagombana majumbani, mtu na shemejiye hawapeani mkono. Mwisho tume ikatoa hukumu ya busara: kosa ni la meli iliyogongwa, kwani ingekuwa safi kama inavyotakiwa ingeonekana mapema. Na kwa kuwa hakuna aliyeridhika, Wimpoli akafanywa Admirali ili pande zote zikose.

Tangu hapo akawa mteremsha bendera wa Dola. Visiwa vya karafuu vilipoponyoka, alivikabidhi yeye. Nchi ya mpira ilipoponyoka, yeye. Kila nchi iliyopotea ilimletea nishani, na zote zilikaa kifuani upande wa kushoto, hata uzito ukamzidi akawa anatembea upande kama kaa. Kwenye kisiwa cha ukungu watu walijisifu: tumepoteza nyingi, lakini tazameni tunavyopoteza!

Msingi wa yote hayo ulikuwa glavu. Kila asubuhi saa tatu Admirali alivaa glavu nyeupe mpya, akapita akigusa: reli, ngazi, kengele, mzinga. Glavu ikitoka safi, kitu hicho kimefaulu. Ikitoka na doa, kitu hicho hakiruhusiwi kutumika mpaka kipakwe upya, kikauke, kiguswe tena. Kanuni hiyo ilikuwa na nguvu kuliko Bunge. Mwaka fulani mpishi mkuu aliguswa kwa bahati mbaya akiwa na mchuzi, akakaa siku mbili bila ya kutumika.

*

Basi zamu ya Ukingoni ikafika. Hati ya uhuru ilikuwa tayari. Bendera iteremshwe Ijumaa, saa sita kamili ya mchana. Haiguswi ikatia nanga mbele ya mji, Mcha akaiona nyumba yake kutoka sitahani, moyo ukafurahi. Ilikuwa rahisi kuiona. Mtaa wa Kokoni mzima una mapaa ya makuti na mabati ya kijivu, yake peke yake ina paa jekundu, jekundu lile lile la chini ya manowari. Jinsi rangi ya Dola ilivyopanda juu ya paa la serahangi ni jambo ambalo hakuna tume iliyowahi kuulizwa, na sisi ni nani tuulize?

Jumapili ikawa Siku ya Dola. Gavana akatangaza watu wote wa Ukingoni wahudhurie uwanjani waishangilie bendera kwa mara ya mwisho. Watu walihudhuria, hakubaki mtu. Walikuja na mikeka, wakakaa kwa utaratibu, wazee mbele, kinamama nyuma, wote wakaipa bendera kisogo wakawa wanatazama bahari. Gavana alihutubia saa nzima na nusu, akihutubia visogo. Alipomaliza, watu wakakunja mikeka, wakamwambia "Ahsante sana," wakaenda zao.

Simu ikapelekwa kisiwa cha ukungu. Jumatatu jibu likaja. Admirali akawakusanya watu wake sitahani, akalisoma mwenyewe kwa sauti ile ya kusomea wosia:

"Dola halikubali kuondoka kama mgeni aliyefukuzwa. Dola litaondoka kama mwenye nyumba: litavunja vyombo kwanza. Mji wa Ukingoni upigwe mizinga kwa utovu wa adabu, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Baada ya saa hiyo mji utakuwa nchi ya kigeni, na kuupiga itakuwa ni vita, na vita vyahitaji idhini ya Bunge, na Bunge liko likizo."

Palikuwa na kijana mmoja aitwaye Luteni Stibini, msimamizi wa mizinga. Miaka miwili alikuwa kwenye Haiguswi na miaka miwili hakupata kusikia hata mlio wa fataki, maskini. Machozi ya furaha yalimlenga. Akakunjua ramani ya mji, akaweka fimbo yake.

"Tutaanza na hili paa jekundu hapa, Bwana Mkubwa. Linalengeka vizuri."

Mcha akaifuata fimbo kwa macho mpaka ilipotua, mtaa wa Kokoni, mlangoni pake.

"Serahangi," akaita Admirali.

"Naam, Bwana Mkubwa."

"Itazame meli hii. Ina chumvi ubavuni, na ule mzinga wa mbele una alama ya kinyesi cha ndege. Tunakwenda kuupiga mji mbele ya macho ya watu. Watu wa mji watasemaje? Yapakwe yote upya. Hakuna mzinga utakaolia kabla haujapita glavu."

Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa, Mcha Vuai aliipenda rangi.

*

Bi Kazija, mke wa Mcha, alikuwa kibarazani anachagua mchele. Alisikiliza habari yote bila kuinua uso, akatupa chuya moja kwa kuku.

"Sasa unataka nini?"

"Nataka uhame, mke wangu. Nenda kwa dada yako shamba mpaka Ijumaa ipite."

"Nihame? Mimi? Nimekaa hapa wameingia sikuhama, nikae mpaka wanaondoka ndiyo nihame? Hata kichaa angenicheka."

"Bi Kazija, ni mizinga hiyo, si mchezo. Na wanaanza na nyumba yetu."

"Kwa nini yetu?"

Mcha akakohoa. "Kwa ajili ya paa."

"Nilikwambia!" Sinia ikawekwa chini kwa kishindo. "Nilikwambia paa la watu hupakwa lami. Ukasema hapana, mke wangu lazima aonekane toka baharini. Haya, nimeonekana!"

Mcha akakaa chini kwenye mkeka akawa anachezea firimbi yake.

"Rangi inakauka kwa siku ngapi?" akauliza Bi Kazija baadaye, sauti imeshuka.

"Kwa jua hili, moja. Mbili ukiipaka nzito."

"Nyinyi mnaichanganya na nini?"

"Mafuta ya kitani."

"Ndiyo maana." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na debe mikononi, harufu ikimtangulia hatua kumi. "Mafuta ya papa haya. Kaka yangu aliipaka mashua yake mwaka juzi. Mpaka leo inzi wakitua hawaruki. Mmoja namjua kwa sura."

"Wakinigundua?"

"Watakufukuza kazi wanayoifunga Ijumaa." Akamtwisha debe. "Nenda, mwanamume wewe, wali ukiiva nitakuletea bandarini."

*

Jumanne mabaharia wenyeji ishirini waliipaka Haiguswi toka omo hadi tezi. Mizinga ilipakwa na Mcha mwenyewe kwa mkono wake, kwa upendo, kama mtu anayempaka bibi harusi.

Jumatano, saa tatu, Admirali akapita. Reli: safi. Kengele: safi. Mzinga wa mbele: glavu ikanata. Akaivuta, ikabaki pale imeshika mzinga kama mtu anayeaga.

"Bado," akasema Admirali.

"Unyevu wa pwani, Bwana Mkubwa," akasema Mcha.

"Na harufu hii?"

"Ndiyo harufu ya rangi nzuri katika nchi za joto."

Luteni Stibini alisaga meno. Alhamisi asubuhi glavu ya pili nayo ikabaki mzingani kando ya mwenziwe. Luteni hakuvumilia tena. Akapitisha kidole kwenye mzinga, akakitia mdomoni, akakaa kidogo macho juu, mfano wa mtu anayekumbuka jina.

"Samaki!" akapiga kelele. "Bwana Mkubwa, hii si rangi! Hii ni samaki!"

Admirali akageuka kwa upande, kama kaa, akamtazama serahangi wake.

"Mcha. Pana samaki katika mzinga wangu?"

Mcha alikuwa na uongo mzuri aliouandaa tangu Jumatatu, wenye mwanzo na mwisho. Ulipofika ulimini ukamkatalia.

"Pana mafuta yake, Bwana Mkubwa. Nimeyatia mimi. Ile nyumba yenye paa jekundu ni yangu, na ndani yumo mke wangu, na amekataa kuhama."

Admirali akatoa darubini, akaielekeza mtaa wa Kokoni, akatazama kwa muda ambao mtu angeweza kula embe zima na kunawa.

"Anaanika nguo," akasema mwishoni.

"Naam, Bwana Mkubwa. Alhamisi hufua."

"Zile shuka." Sauti ya Admirali ikawa nyembamba. "Miaka arubaini na tatu nipo baharini, sijaona weupe kama ule. Anatumia nini?"

"Bluu kidogo, Bwana Mkubwa, na ndimu. Na jua."

"Na ndimu," akarudia Admirali kama mtu aliyepewa siri ya serikali. Kisha akaikunja darubini, na uso ukarudi ule wa wosia. "Lakini amri ni amri. Luteni, futa mafuta hayo kwa mafuta ya taa, na mizinga ipakwe rangi halali. Kesho nitagusa."

*

Ijumaa. Saa tano kasoro robo, glavu ikapita juu ya mzinga wa mbele ikatoka nyeupe. Wa pili, nyeupe. Yote ishirini na mmoja, nyeupe pepe. Luteni Stibini akachomoa kwenye midomo ya mizinga vile vizibo vya shaba, ambavyo mabaharia wengine walidhani ni sehemu ya mzinga, akaingiza makombora ya kweli moja baada ya jingine, akiyapapasa migongo.

Pwani, watu wa Ukingoni walikuwa wamekwisha kusanyika kwa sherehe ya uhuru. Habari ya mizinga wote waliijua, mji mdogo hauna siri. Walikuja hivyo hivyo. Waziri Mkuu mpya, mwalimu wa hesabu aliyeazima suti ya shemejiye, alisimama gatini mikono ikiwa imemezwa na mikono ya koti. Na kule Kokoni, mlangoni pa nyumba ya paa jekundu, Bi Kazija aliweka kiti akakaa.

"Tayari, Bwana Mkubwa!" akasema Luteni. "Nusu saa inatosha kwa mitaa mitatu."

Mcha alitazama bendera mlingotini. Ilikuwa ikipepea kuelekea baharini.

"Bwana Mkubwa," akasema, na kila mtu akashangaa kuwa bado ana sauti, "upepo sasa unatoka nchi kavu. Ukipiga, moshi wote utaturudia sisi. Mizinga itakuwa myeusi, na milingoti, na sare yako hiyo, na saa sita wapiga picha wanapanda. Upepo wa hapa hugeuka adhuhuri. Subiri ugeuke, moshi uwaendee wao."

"Adhuhuri!" Luteni akaruka. "Adhuhuri mji ni nchi ya kigeni! Hatutaruhusiwa!"

Admirali alitazama bendera. Akatazama mkono wa sare yake. Hakuna ajuaye alichofikiri, na waliojifanya kujua waliandika vitabu viwili vinavyopingana.

"Luteni," akasema, "afadhali nchi ya kigeni kuliko meli chafu."

Wakasubiri. Kengele ya melini ikagonga saa sita. Bendera ya Dola ikateremka, taratibu, bila kukwama, kwa ule ustadi ulioleta nishani zote zile. Ya nchi mpya ikapanda. Pwani ikalia vigelegele. Mcha akaanza kuitoa pumzi iliyokuwa imefungiwa tangu Jumatatu.

Alikuwa bado hajaitoa yote, Luteni akasogea na karatasi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa akitabasamu.

"Hati ya uhuru, Bwana Mkubwa, ibara ya saba. Uhuru utahesabika umetolewa mara manowari ya Dola itakapoisalimu nchi mpya kwa saluti ya milio ishirini na moja. Saluti isipopigwa, nchi hurudi kwa Dola mpaka utaratibu mwingine upangwe. Na ikirudi kwa Dola, tuna ruhusa ya kuipiga."

"Basi tusalimu," akasema Admirali.

"Ndiyo, Bwana Mkubwa. Ila makombora ya kweli yamo ndani, na kombora likishaingia halitoki kwa mlango lililoingilia. Hutolewa kwa kupigwa."

"Geuza mizinga."

"Gurudumu la kuigeuzia lina matabaka kumi na manne ya rangi. Halijageuka tangu enzi za babu yangu."

"Geuza meli."

"Makaa yako gatini, Bwana Mkubwa. Ulikataza yasipakiwe kabla ya picha."

Kwa hiyo mambo yakawa hivi, na mwenye akili ayapange vizuri zaidi akiweza: Ukingoni wakisalimiwa, watapigwa, wasiposalimiwa, watapigwa. Gatini yule mwalimu wa hesabu alikuwa amekwisha vua kofia, anangojea heshima yake.

Taratibu ya saluti ni kama dua, haina haraka. Admirali anainua mkono wenye glavu. Mkono ukishuka, serahangi anapuliza firimbi. Firimbi ikilia, mzinga unavutwa kamba. Admirali akainua mkono. Ulikaa juu muda mrefu. Luteni alishika kamba ya mzinga wa mbele, ule uliokuwa ukilitazama paa jekundu uso kwa uso.

Mkono ukashuka.

Mcha alikuwa na firimbi midomoni. Alimwona mkewe kule mbali, kidoa kwenye kiti. Akaitoa firimbi, akajaza kifua upepo wa miaka ishirini na tisa, akapiga kwa kinywa chake:

"BUMMM!"

Sauti ikaenda, ikagonga ngome ya kale, ikarudi. Nusu ya mji ikalala kifudifudi. Luteni alibaki na kamba mkononi mdomo wazi.

"Moja," akasema Admirali.

"Bwana Mkubwa! Huyo ni mtu!"

"Naona, Luteni."

"Hakuna kanuni ya..."

"Saluti ikishaanza haikatizwi, wala haichanganywi na milio ya namna nyingine. Nimemjua afisa mmoja tu aliyechanganya saluti. Siku hizi anauza vifungo." Akainua mkono tena. "Wa pili!"

Mabaharia wenyeji walitazamana. Kisha mpishi, yule wa mchuzi, akasogea mbele, akanyoosha aproni yake, akasema, "Bum," kwa unyenyekevu.

"Mbili. Kwa nguvu zaidi, wa tatu!"

Basi ikawa. Wa tatu alikuwa mtu wa makaa, mwenye kifua kama ngoma, ndege walihama. Wa saba alipaliwa katikati, wakamhesabia. Wa tisa na wa kumi walikuwa mapacha, wakataka kupiga pamoja, Admirali akawakatalia. Mcha alitaka kumsaidia wa kumi na mbili aliyekuwa mzee na hana meno, Admirali akamzuia: "Mzinga uliokwisha lia sharti upoe robo saa. Kanuni." Kule pwani waliolala walikuwa wamekwisha inuka, wanapangusa mchanga, na kila bum ilijibiwa na kigelegele, na mwalimu wa hesabu alihesabu kwa vidole ndani ya mikono ya koti bila mtu kuona.

"Ishirini," akasema Admirali.

Mcha akatazama kulia, akatazama kushoto. Mabaharia wenyeji walikuwa ishirini, yeye akiwamo, na wote walikuwa wanapoa. Waliobaki ni maofisa wa Dola, wamesimama mstari, midomo imefungwa kama bahasha. Gatini mwalimu wa hesabu alisubiri. Hesabu ndiyo kazi yake, na ishirini anajua si ishirini na moja.

"Imepungua moja," akanong'ona Luteni Stibini, mkono ukirudi polepole kwenye kamba. "Saluti imevunjika, Bwana Mkubwa. Nchi imerudi."

Mcha aliona mkono ule ukishika, ukakaza. Akafumbua kinywa, lakini koo lilikuwa limekwisha. Kikatoka kijisauti cha kuku mgonjwa.

Ndipo Admirali Sa Kathbati Wimpoli, aliyekaa baharini miaka arubaini na tatu bila kupiga mzinga hata mmoja, akavua kofia yake yenye manyoya, akampa Mcha aishike. Akavua glavu. Akaweka viganja pande mbili za mdomo, akaelekea mjini, masharubu yakatetemeka.

"Bum," akasema.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa kavu, kama mlango unaofungwa chumba cha pili. Lakini bahari ilikuwa shwari, na gatini waliisikia. Mwalimu wa hesabu akavaa kofia.

"Ishirini na moja," akasema Admirali. "Andika, Luteni."

*

Simu iliyokwenda kisiwa cha ukungu ilisema ukweli mtupu: Ukingoni umepigwa ishirini na moja. Mji umelala chini, kisha umeinuka kwa heshima. Meli haina doa. Kule wakasherehekea ushindi siku tatu, wakampa Wimpoli nishani ya kumi na saba na cheo cha Lodi wa Ukingoni. Luteni Stibini aliandika malalamiko kurasa sitini. Ikaundwa tume, na kwa habari tulizonazo imekwisha chakaza viti vya kwanza. Makombora yangali ndani ya mizinga. Haiguswi inazunguka bandari kwa bandari ikitafuta mahali pa kuyatolea, na hakuna bandari inayotaka kusalimiwa nayo.

Mcha alishuka jioni ile ile na bunda la nguo kichwani. Bi Kazija alikwisha pakua. Akala kimya, maana koo lilikuwa haliko.

"Yule wa mwisho nani?" akauliza Bi Kazija. "Kama mtu anayeomba radhi."

Mcha akaonyesha kwa mkono: masharubu, manyoya, nishani.

"Mwenyewe? Haya, kajitahidi." Akammiminia mchuzi. Akakaa, akamtazama mumewe akimeza kwa taabu, akajifanya anatafuta kitu kwenye sahani.

"Lakini ule wa kwanza," akasema, "ulitikisa kabati langu la vyombo. Kikombe kimoja kimevunjika."

Akamwongezea samaki.